Gwafu Yumo Kwenye Kochi

Mtoto wa mke wangu hakuwa na neno la kuniita. Si baba, si mjomba, si anko. Mtaa mzima unaniita Makochi kwa sababu ya kazi yangu, na hata hilo hakulitaka. Akihitaji chumvi mezani anamgeukia mama yake: "Mama, mwambie anipe chumvi." Mimi niko hapo hapo, kiwiko changu kinagusana na chake. Mama yake anamjibu, "Mwambie mwenyewe." Basi anakula bila chumvi.

Alikuwa na miaka saba. Baba yake mzazi alikwenda kutafuta kazi mji mwingine, mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema "baba", na hakurudi. Hakufa. Angekufa ingekuwa rahisi kumweleza.

Nilimwambia mke wangu kwamba sijali. Mimi si mtu wa kubembeleza, na mtoto hanunuliwi kwa pipi. Lakini nilikuwa najali. Inauma kukaa nyumba moja na mtu anayekuzunguka kama nguzo.

"Mpe muda," mke wangu aliniambia.

"Nimempa. Anaukalia."

Mke wangu anafua mashuka ya hospitali. Zamu yake ilipohamishwa kuwa ya mchana, nyumbani hapakuwa na wa kumpokea mtoto akitoka shule. Ikabidi awe anakuja karakana.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye milango ya bati. Sponji zimepangwa mpaka darini, fremu za mbao zimeegemezwa ukutani, na gundi inanuka mpaka barabarani. Tuko wawili, mimi na kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza makochi nilipoacha shule. Anaitwa Misumari, kwa sababu akiwa kazini hujaza misumari mdomoni na kuichomoa mmoja mmoja, kwa hiyo maneno yake hutoka machache na yamebanwa.

Siku ya kwanza mtoto aliingia na mkoba wake mgongoni, akasimama mbele ya kaka yangu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Misumari nusura ameze msumari. "Marahaba, mwanangu."

Kisha mtoto akanipita, akaenda kukaa juu ya jora la kitambaa.

Kaka yangu alitema misumari yote kiganjani ili apate kucheka vizuri. "Umesikia? Baba Mkubwa nimepatikana. Sasa baba mwenyewe yuko wapi? Maana huu ukubwa wangu lazima uwe juu ya mtu."

"Fanya kazi," nilimwambia.

Siku hiyo nilikuwa nimevua kiti kimoja cha zamani, kimebaki mbao na springi. Sisi kiti hatukipimi kwa macho. Unakikandamiza kwa ngumi mbili, unaachia, unatega sikio. Kiti kizima kinapumua. Springi iliyochoka inalia. Ubao uliopasuka unakohoa. Nilipiga magoti, nikakandamiza, nikasikiliza. Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa ameshuka kwenye jora na amesimama nyuma yangu.

"Baba Mkubwa," alisema, "hicho kinasema nini?"

"Muulize huyo aliyeweka sikio," Misumari alijibu. "Mimi yangu yamezibwa na nyundo."

Hakuniuliza. Alisubiri mpaka nikasogea, akapiga magoti palepale, akakandamiza kwa ngumi zake ndogo. Springi ikalia: nyiiing', halafu fupi, we.

"Anaitwa Nying'we," alimwambia Misumari. "Ukimkalia, anakuchomolea funguo mfukoni. Ndiyo chakula chake."

Sikuweza kunyamaza. Katika makochi mabovu nimeokota funguo za kutosha kufungua mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kunipa sababu nzuri kuliko hiyo. Nikanyooshea kidole fremu iliyokuwa ukutani. "Na yule pale ni Zimwi la Miguu Minne."

Mtoto aliinama, akakinong'oneza kiti, lakini kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie hilo si jina. Hayo ni maelezo."

Nilitukanwa kupitia kiti, na nilifurahi siku nzima.

Kesho yake, wakati Misumari anakula, nilichukua vipande vya kitambaa nikashona kitu. Sijui hasa nilikuwa nashona nini. Kilikuwa na ukubwa wa kiatu, miguu mitano kwa sababu wa sita ulinishinda, na tumboni nilitia mabaki ya springi ndogo. Nilikiweka juu ya jora lake la kitambaa. Mtoto alikuja, akakiona, akakikandamiza, akakiweka sikioni.

"Chikwichi," alisema. "Anaishi chini ya kitanda. Haumi. Anahesabu vidole vyako tu, kuona kama vimetimia."

Basi ikawa kazi. Kila siku mbili tatu natengeneza dude, yeye anatoa jina. Mimi nilijaribu kutoa majina yangu na yote yalikataliwa. Jitu la Meno. Mfalme wa Giza. "Baba Mkubwa, Mfalme wa Giza gani ana maua tumboni?" Kweli, kitambaa kilikuwa cha maua. Aliniambia, kupitia Misumari, kwamba mimi naanza na jina halafu nalazimisha dude livae. Jina linatoka ndani, likishakandamizwa. Nikasema hata makochi ni vivyo hivyo, huwezi kukata kitambaa kabla hujaijua fremu. Hakupinga.

Baadaye Misumari alichoka kutumwa. Mtoto akaanza kuwatuma madude.

"Chikwichi anasema anataka mkia."

"Mwambie Chikwichi asubiri gundi ikauke."

"Anasema gundi yako kila siku haijakauka."

"Mwambie akatafute fundi mwingine."

Mtoto alikiinamia kile kidude, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Anasema hataki fundi mwingine."

Niligeuka upande wa ukuta nikajifanya natafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi.

Lakini si kila dude lilipata jina. Nilimshonea mmoja wa kijivu, masikio marefu, nikamjaza vizuri. Mtoto alimkandamiza, akasikiliza sana, akamweka kwenye rafu ya madude.

"Ana ubaya gani?" Misumari aliuliza.

"Hana ubaya. Sijui kama atakaa."

"Atakwenda wapi? Hana hata nyayo."

"Ukishampa mtu jina, Baba Mkubwa, hatakiwi kuondoka. Kwa hiyo unangoja kwanza."

Kaka yangu akaacha kupiga nyundo. Aliniangalia. Mimi niliinama nikagongelea msumari ambao ulikuwa umeshaingia zamani.

Kwa hiyo sheria ndiyo hiyo. Nikaielewa ile chumvi ya mezani, na nikaacha kumkasirikia. Hakuwa ananidharau. Alikuwa ameniweka rafuni, kama yule wa kijivu.

Dude lililomtia majaribuni kuliko yote lilikuwa la mahameli ya kahawia, kubwa kama mto wa kulalia, jicho moja la kifungo cha koti. Ndani nilitia sponji mbili na katikati yake mfuko wa plastiki uliofungwa hewa kidogo, ili likikandamizwa litoe sauti mbili: kwanza gwa, halafu, ukiachia, fuuu ndefu. Alikaa naye wiki nzima. Alikuwa anamkandamiza akifika na anamkandamiza akiondoka. Ijumaa moja, mama yake ameshakuja kumchukua, akarudi mbio kutoka mlangoni.

"Gwafu," alitangaza. "Anaitwa Gwafu. Leo analala hapa, analinda gunia."

Akamlaza juu ya gunia la vipande, chini ya meza, akaondoka.

Sasa niseme wazi kuhusu hilo gunia. Mteja akiniuliza mikono ya kochi imejazwa nini, nilikuwa namjibu: sponji tupu. Haikuwa sponji tupu. Kila kilichobaki, kipande cha pazia, kiguo, ncha ya mahameli, tulikitupa kwenye gunia, na mikono ya kochi tukaijaza kutoka humo. Ndivyo kaka yangu alivyonifundisha na ndivyo tulivyofanya.

Jumamosi asubuhi tulikuwa na kochi la kijani la watu watatu, la mama mwenye duka la dawa, na gari la kubeba lilikuwa linapiga honi nje. Mimi nilikuwa nashona mgongo. Misumari alikuwa anajaza mikono.

Jumatatu mtoto alikuja, akatazama chini ya meza, akatazama rafuni, akatazama nyuma ya sponji.

"Baba Mkubwa, Gwafu yuko wapi?"

Misumari alisimama na nyundo. "Ni lile la kahawia?"

"Ndiyo."

"Laini laini?"

"Kaka," nilisema.

"Lenye kifungo hapa?"

"Kaka, liko wapi?"

Alichomoa misumari mdomoni, mmoja, mwingine, mwingine, kama mtu anayetaka isiishe. "Mimi nilidhani ni kifungo tu kimesahauliwa kwenye kitambaa."

Mtoto hakulia. Bora angelia. Alikwenda rafuni akamchukua Chikwichi, akamtia ndani ya gunia. "Huyu hana jina," alisema. Akamchukua anayefuata. "Huyu hana jina." Alifanya hivyo bila hasira, kama mtu anayefunga duka. Nikaona wazi kinachofuata. Rafu ikiisha, hatakuwa na haja ya kuningoja mimi tena. Jibu atakuwa amelipata: hata wenye majina huondoka.

"Acha," nilisema. Hakuacha. Nikavua aproni. "Vaa viatu. Tunakwenda kumtoa."

"Umelewa?" Misumari alinivuta pembeni. "Ufungue kochi la mteja sebuleni kwake? Atakachokiona ndani unakijua."

"Nakijua."

"Basi sema tumesahau sindano. Mtu akisikia sindano iko anapokaa, kochi zima atakupa na chai juu."

Ushauri mzuri. Niliuweka mfukoni pamoja na mkasi, uzi na sindano ya kupinda.

Njia nzima mtoto alitembea nyuma yangu kidogo. Mama mwenye duka la dawa alitufungulia mwenyewe, mwanamke mnene, miwani juu ya kichwa. Kochi lake lilikuwa bado na plastiki.

"Fundi! Kuna nini tena? Kochi halijapata hata vumbi."

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Kuna nini?"

"Naomba kufungua mkono mmoja wa kochi, mama," nilisema. "Kwa nyuma tu. Nitaushona hapa hapa, hutaona alama."

"Kwa nini?"

Sindano ya kaka yangu ilinifika kwenye ulimi. Uongo mdogo, safi, na kila mtu angekwenda zake salama. Nikamtupia jicho mtoto. Hakuwa anamtazama yule mama. Alikuwa ananitazama mimi, kichwa kimeinama upande, vile anavyofanya akishakandamiza dude na kungoja litoe sauti.

"Kuna dude ndani," nilisema.

"Panya?"

"Si panya. Dude la kushonwa. Anaitwa Gwafu, ni wa mtoto huyu. Aliingia kwa makosa tulipokuwa tunajaza matambara."

Yule mama alishusha miwani kutoka kichwani mpaka machoni. "Matambara gani? Si uliniambia sponji tupu?"

"Nilikudanganya."

Barabarani mtu alikuwa anauza kitu kwa kipaza sauti, na nilitamani auze kwa sauti zaidi. Yule mama alinitazama, akamtazama mtoto, akatazama kochi lake.

"Mkono upi?"

"Sijui."

"Hujui! Basi utafanyaje, utanichania yote?"

Mtoto hakungoja jibu langu. Alivuta plastiki, akaweka ngumi mbili juu ya mkono wa kushoto, akakandamiza, akatega sikio. Akatikisa kichwa. Alizunguka mpaka wa kulia, akakandamiza tena, kwa uzito wake wote, miguu ikaacha sakafu.

"Yumo," alisema. "Anapumua."

"Ngoja," alisema yule mama. Aliinama kwa shida, mkono kiunoni, akakandamiza. Ndani kabisa, kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu, kochi likasema gwa. "Ehee! Kweli linasema! Fungua, fundi, fungua, kabla halijakosa hewa."

Nilikata mshono wa nyuma nikaingiza mkono. Kikatoka kipande cha suruali ya jinzi. Likatoka pazia nusu. Ikatoka soksi.

"Na soksi?" yule mama aliuliza.

"Hiyo hata mimi siielewi."

Gwafu alitoka mwisho, amebapa kama bahasha, kifungo kimepinduka. Nilimpa mtoto. Alimkandamiza. Kimya. Akamkung'uta, akamvuta huku na huku kama tunavyofanya sponji iliyolaliwa, akamkandamiza tena. Gwa. Tukangoja wote watatu. Kisha, polepole, fuuu.

Yule mama alipiga makofi. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

"Sasa nisikilize, fundi. Mikono yote miwili, sponji. Kesho. La sivyo kila anayekuja dukani kwangu kununua dawa ya kikohozi ataondoka na habari zako."

"Nitaleta kesho asubuhi."

"Na wewe, mjukuu wangu." Alimgeukia mtoto. "Huyu mwongo wako anayesema kweli ni nani kwako? Ni baba?"

Nilikuwa nimepiga magoti, narudisha mshono. Sindano ikasimama. Swali hilo sisi tulikuwa tunalikwepa nyumbani kwa muda mrefu, na mgeni alilitupa sebuleni kama mtu anayeuliza saa.

Mtoto alimweka Gwafu kwenye kochi. Alikuja mbele yangu, akaweka ngumi zake mbili tumboni kwangu, akakandamiza. Sikujiandaa. Pumzi ilinitoka puani kwanza, halafu mdomoni. Aliachia, akaweka sikio palepale, juu ya vifungo vya shati, akakaa. Sikuthubutu kuvuta hewa.

"Humfu," alisema.

"Nani?" yule mama aliuliza.

"Huyu. Anaitwa Humfu."

"Ndiyo jina gani hilo, mwanangu?"

"Ni lake."

Mshono uliobaki niliushona vibaya sana. Haikudhuru, kesho yake ulikuwa wa kufumuliwa.

Tulirudi karakana, yeye mbele na Gwafu begani. Misumari alikuwa amekaa mlangoni na uso wa mtu anayengoja hukumu.

"Baba Mkubwa, nimekusamehe," mtoto alimwambia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye gunia. Akaanza kuwatoa, mmoja mmoja, akimwita kila mmoja kwa jina lake. Yule wa kijivu alimkandamiza, akafikiri, akamrudisha rafuni. "Bado," alimwambia. "Lakini usiwe na wasiwasi. Humfu naye alikaa sana."

"Humfu ndiye nani?" Misumari aliuliza.

"Mimi," nilisema.

Alicheka mpaka akashika mlango wa bati. "Mimi Baba Mkubwa, wewe Humfu! Jamani! Heshima imempata mwenyewe."

"Wewe umepewa cheo," nilimwambia. "Mimi nimepewa jina. Na sponji ya kesho unakata wewe."

Akarudisha misumari mdomoni.

Jioni mke wangu alipakua chakula akiwa bado na sare ya kazi. Sikumsimulia kitu; nilitaka kuona kama mambo ya karakana yataishia karakana. Mtoto alionja, akakunja uso, akaweka kijiko chini.

"Humfu," alisema, "nipe chumvi."

Mama yake aliacha kutafuna. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Nikanyoosha mkono nikachukua kikopo cha chumvi, nikampa. Kilikuwa karibu naye kuliko nami.